Kusoma Chuo Kikuu cha Leipzig: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mwombaji wa Afrika Mashariki

Chuo Kikuu cha Leipzig, katika jimbo la Saxony mashariki mwa Ujerumani, kilifunguliwa tarehe 2 Desemba 1409 na walimu na wanafunzi waliohama Prague baada ya ugomvi wa kura katika uongozi wa chuo chao. Kinahesabiwa kuwa cha pili nchini humo, baada ya Heidelberg, kwa kufundisha miaka mingi bila kukatika. Leibniz na Goethe walisoma hapo. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha hapo maabara ya kwanza ya saikolojia, na Angela Merkel alisomea fizikia miaka ya 1970, wakati chuo kikiitwa Chuo Kikuu cha Karl Marx, jina kilichobeba tangu 1953 hadi 1991. Enzi hizo wanafunzi wengi wa kigeni, Waafrika wakiwemo, walipitia Herder-Institut ya Leipzig kujifunza Kijerumani kabla ya kusambazwa vyuo vingine.

Leo kina vitivo 14 na wanafunzi karibu 30,000. Hakuna geti wala uzio: majengo yametawanyika mjini. Makao makuu yako uwanja wa Augustusplatz, sayansi na tiba ziko kusini-mashariki ya hapo kwa mwendo wa miguu, na maktaba kuu, Bibliotheca Albertina, iko upande mwingine wa katikati ya mji.

Kabla ya yote, hakikisha unachotaka kinafundishwa hapa. Leipzig ina nguvu katika tiba, tiba ya mifugo (Ujerumani nzima ina vitivo vitano tu vya fani hiyo), sheria, fizikia, kemia, lugha, historia na masomo ya Afrika, ambako Kiswahili nacho kinafundishwa. Uhandisi wa ujenzi, umeme au mitambo usiuombe hapa. Huo uko HTWK Leipzig, chuo kingine kabisa katika mji huohuo, au TU Dresden, zaidi kidogo ya saa moja kwa treni. HHL Leipzig nayo ni shule binafsi ya biashara yenye ada yake. Kila mwaka wapo wanaolipia maombi kwa chuo kisicho chao kwa sababu tu jina la mji ni lilelile.

Ada hakuna, lakini gharama ipo

Kwa shahada ya kwanza na kwa uzamili wa kawaida, chuo hakitozi ada ya masomo, hata kwa mtu anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya. Kinachodaiwa ni mchango wa muhula, Semesterbeitrag, unaolipwa mara mbili kwa mwaka. Ndani yake mna tiketi ya usafiri, kwa hiyo si hasara. Kozi chache za uzamili zinazolenga watu wenye uzoefu wa kazi, kama MBA ya programu ya SEPT inayohusu biashara ndogo, zina ada. Hiyo ni moja ya kozi ambazo DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, imekuwa ikizitolea ufadhili wa EPOS kwa waombaji wa nchi zinazoendelea, na hapo kigezo ni angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza. Ukimaliza chuo mwaka huu usipoteze nguvu huko.

Mzigo wenyewe ni maisha. Serikali ya Ujerumani inataka uonyeshe euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, kabla ya kupewa viza. Tutalirudia.

Hatua ya 1: Jua cheti chako kinafungua mlango upi

Ujerumani haiangalii kwanza kama umefaulu vizuri. Inauliza kwanza kama cheti chako kinalingana na cheti chao cha kumaliza sekondari, na jibu linategemea nchi yako. Liangalie katika anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyeti vya kigeni, au ukurasa wa DAAD wa vigezo vya udahili.

Mwenye KCSE ya Kenya kwa kawaida haingii moja kwa moja mwaka wa kwanza. Ama apite Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi, ama kwanza asome chuo kikuu kinachotambulika nyumbani kisha aombe, mara nyingi katika fani ileile. Mwenye kidato cha sita cha Tanzania au UACE ya Uganda yuko karibu zaidi na mfumo wa Kiingereza wa A-level, ila mchanganyiko wa masomo unatazamwa sana. Ukikosa hisabati au sayansi mahali zinapotakiwa, mlango unafunga hata kwa mwenye daraja la kwanza.

Studienkolleg Sachsen iko ndani ya chuo hikihiki, nayo ni faida. Ni mwaka mmoja wa maandalizi, mihula miwili, unaoishia kwa mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Unachagua kozi kulingana na unakokwenda: T kwa hisabati, sayansi na ufundi, M kwa tiba na biolojia, W kwa uchumi na sayansi za jamii, G kwa lugha na historia. Ukimaliza M huwezi kugeuka ukaomba fizikia kwa cheti hicho, kwa hiyo uamuzi wa fani unafanyika mapema kuliko watu wanavyodhani. Kuingia kwenyewe kuna mtihani wa Kijerumani. Kufika na B1 (ngazi ya tatu kati ya sita za lugha, A1 hadi C2) ya kusuasua ni kujitafutia kurudi nyumbani.

Kwa mwenye shahada ya kwanza anayeomba uzamili, yote haya hayamhusu. Hiyo ndiyo njia fupi, na kwa wasomaji wengi wa mwongozo huu ndiyo yenye akili.

Tiba inahitaji neno lake. Inafundishwa kwa Kijerumani tu, na nafasi kwa watu wa nje ya Umoja wa Ulaya ni karibu asilimia 5. Anayeitaka ajiandae miaka, si miezi.

Hatua ya 2: Lugha

Shahada nyingi za kwanza ni za Kijerumani. Njia mojawapo ya Kiingereza ni fizikia, kupitia International Physics Studies Program. Kwenye uzamili uchaguzi wa Kiingereza ni mpana zaidi: fizikia tena, masomo ya Afrika, na Global Studies inayoendeshwa pamoja na vyuo vingine vya Ulaya.

Kwa kozi za Kijerumani vyeti vinavyokubalika kwa kawaida ni DSH-2, TestDaF yenye daraja la TDN 4 katika sehemu zote nne, telc C1 Hochschule au Goethe C2. Angalia hilo la "sehemu zote nne": 5, 5, 5 na 3 si wastani mzuri, ni kushindwa. Kutoka sifuri hadi hapo ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa kusoma karibu kila siku. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam, Nairobi na Kigali, na Kampala ina kituo shirika. Nafasi za mitihani ya ngazi za juu hujaa, kwa hiyo jiandikishe mapema.

Kwa kozi za Kiingereza, usitegemee hoja kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari. Kozi nyingine huikubali kwa barua ya chuo chako, nyingine hudai IELTS au TOEFL na hazisikilizi maelezo. Soma ukurasa wa kozi yenyewe, si ukurasa wa jumla.

Na hata ukisoma kwa Kiingereza, jifunze Kijerumani hadi A2 kabla ya kusafiri. Barua za bima, za mwenye nyumba na za ofisi ya uhamiaji zitakuja kwa Kijerumani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya alama zako kabla hujalipia

Ujerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Alama za kigeni hugeuzwa kwa kanuni iitwayo ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako. Gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya chini kabisa ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha ongeza 1.

Mwenye GPA 3.8 kati ya 5.0, pale kufaulu kunapoanzia 2.0: 5.0 kutoa 3.8 ni 1.2. Gawanya kwa 3.0 unapata 0.4. Mara 3 ni 1.2, ongeza 1, jibu ni 2.2. Mwenye GPA 3.5 anapata 2.5, na 2.5 ni kizingiti kinachowekwa mara nyingi kwenye uzamili. Kwa chuo cha asilimia chenye kufaulu kwa 40, alama 70 ndiyo inayotoa 2.5, na 62 inatoa 2.9. Ndiyo maana Mkenya mwenye daraja la pili la juu hukataliwa akashangaa, wakati ukali wa usahihishaji wa chuo chake hauonekani popote kwenye kanuni.

Kama hesabu inakupa namba kubwa, yaani mbaya, kuliko kizingiti kilichoandikwa, barua ya motisha haitakuokoa. Tafuta kozi isiyoweka alama, au inayopima masomo uliyosoma.

Kipimo hicho cha pili kinawaangusha wengi. Kozi ya uzamili inaweza kudai idadi fulani ya krediti za ECTS, kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo, katika somo fulani. Mwaka mmoja wa masomo ya kutwa ni krediti 60. Andaa maelezo ya kila somo ulilosoma: saa za mihadhara, mada, vitabu. Transkripti inayosema tu "MT 210" haimwambii msahihishaji kama ulisoma aljebra au uchambuzi wa namba.

Hatua ya 4: Nyaraka na uni-assist

Waombaji wenye vyeti vya nje ya Ujerumani hupitia kwanza uni-assist, ofisi ya Berlin inayokagua vyeti kwa niaba ya vyuo vingi. Ombi la kwanza katika muhula ni euro 75, kila la ziada katika muhula huohuo ni euro 30. Ukaguzi huanza malipo yakifika, si ulipobonyeza kutuma. Anayelipa kwa uhamisho wa benki kutoka Dar es Salaam siku tatu kabla ya mwisho ameshachelewa. Lipa kwa kadi.

Utahitaji vyeti vya sekondari (ndiyo, hata kwa uzamili), cheti cha shahada, transkripti kamili, cheti cha lugha, wasifu, na pasipoti. Nakala zithibitishwe, na uthibitisho uwe na mambo matatu: maneno kwamba nakala inalingana na asili, saini, na muhuri rasmi. Salama zaidi ni taasisi iliyotoa cheti au ubalozi wa Ujerumani. Notari mwenye muhuri rasmi naye anafaa. Hati ya kurasa nyingi ama igongwe muhuri kila ukurasa, ama kurasa zishikwe pamoja na muhuri upite juu ya maungio. Hapa ndipo maombi mengi yanaporudishwa: ukurasa wa kwanza una muhuri, wa nyuma wenye maelezo ya madaraja hauna.

Skani kwa rangi, kurasa zote, pande zote mbili. Jina liwe lilelile kila mahali. Kama cheti kinasema "Mohamed" na pasipoti "Muhammad", ambatisha hati ya kiapo au ya kubadili jina tangu mwanzo. Wenye vyeti vya Kifaransa kutoka Kongo au Burundi waangalie kama tafsiri inadaiwa. Ikidaiwa, ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, akitafsiri kutoka hati asili.

Muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba, wa kiangazi tarehe 1 Aprili. Kozi nyingi hupokea wanafunzi wapya Oktoba tu, na kozi za kimataifa hufunga maombi mapema kuliko nyingine. uni-assist yenyewe hushauri upeleke ombi wiki nane kabla ya siku ya mwisho, ili wakikuta pengo upate muda wa kuliziba. Chukua ushauri huo kama amri.

Hatua ya 5: Fedha, kabla barua haijafika

Akaunti ya kuzuiliwa, Sperrkonto, ni akaunti unayoweka 11,904 yote kwa mara moja, kisha unaachiwa 992 kila mwezi ukishafika. Unaweza kuifungua ukiwa nyumbani. Kosa linalojirudia ni kutuma kiasi kamili bila kuhesabu makato ya benki za njiani. Zikipungua euro 25, cheti cha kupeleka ubalozini hakitoki mpaka utume nyingine, na kila uhamisho unakula siku na ada. Ongeza euro 100 hadi 150, pamoja na ada ya mtoa huduma. Ziada hurudishwa au huachiwa na mgao wa kwanza.

Njia nyingine mbili zinakubalika. Moja ni barua ya ufadhili inayotaja kiasi na muda. Nyingine ni Verpflichtungserklärung, ahadi ya kisheria ya ndugu au rafiki anayeishi Ujerumani kwamba atakugharamia, inayosainiwa katika ofisi ya uhamiaji ya mji wake baada ya kipato chake kukaguliwa. Anayekusainia anabeba deni la kweli. Likitokea la kutokea, serikali itamdai yeye, na inafaa ajue hivyo kabla.

Zaidi ya hapo, kuwa na euro 1,000 hadi 1,500 za mkononi kwa mwezi wa kwanza: dhamana ya chumba, mchango wa muhula, bima. Mgao wa kwanza wa Sperrkonto hauji siku unayotua.

Hatua ya 6: Viza

Ukipata Zulassungsbescheid, barua ya udahili, soma kwanza tarehe ya kukubali nafasi. Nafasi isiyothibitishwa hupotea. Kisha peleka ombi la viza ya kitaifa. Ada ni euro 75. Ukaguzi wa ombi unaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, na barua za kuanza Oktoba huweza kutoka Julai au Agosti. Fanya hesabu uone kwa nini Sperrkonto na pasipoti vinapaswa kuwa tayari Juni.

Usiombe viza ya utalii kwa nia ya kuigeuza baadaye. Kwa raia wa Afrika Mashariki haigeuki. Utarudishwa nyumbani uanze upya.

Kwenye mahojiano wanataka kujua kama unaielewa kozi yako: masomo yake, kwa nini Leipzig, utafanya nini nayo. Anayejibu "Ujerumani ina elimu bora" hajajibu kitu.

Viza ikichelewa, iandikie idara uulize siku ya mwisho ya kufika. Nafasi kwa kawaida haisogezwi mwaka unaofuata. Unaomba upya, na unalipa upya.

Hatua ya 7: Chumba

Mabweni yako chini ya Studentenwerk Leipzig, shirika lililo nje ya chuo, kwa hiyo barua ya udahili haikupi chumba. Jiandikishe kwao mara unapoomba kozi, usingoje jibu. Njia nyingine ni WG, nyumba ya kushirikiana ambayo kila mtu ana chumba chake na jiko ni la wote.

Bei iitwayo Kaltmiete haina joto wala maji. Yenye hivyo ndani ni Warmmiete. Linganisha Warmmiete kwa Warmmiete. Dhamana kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anayesema yuko nje ya nchi na atakutumia funguo kwa posta ukimlipa kwanza ni tapeli, daima, hata akikutumia picha ya pasipoti yake.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Ukitua Frankfurt, treni hadi Leipzig ni zaidi kidogo ya saa tatu. Baada ya hapo mambo yana mfuatano, na ukiruka moja yanayofuata yanagoma.

Kwanza usajili wa makazi, Anmeldung, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, katika mojawapo ya Bürgerbüro za mji. Peleka pasipoti na Wohnungsgeberbestätigung, fomu iliyosainiwa na anayekupa makazi. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Miadi ni haba mwezi Oktoba. Ishike ukiwa bado nyumbani.

Kisha bima ya afya. Aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, karibu euro 140 hadi 150 kwa mwezi, na kampuni ya bima hukitaarifu chuo kwa njia ya kielektroniki. Bila taarifa hiyo husajiliwi. Jihadhari na bima binafsi ya bei rahisi: ukishasaini kujitoa katika bima ya umma, huwezi kurudi mpaka masomo yaishe. Aliyevuka 30 apige hesabu yake mapema, maana bei ya mwanafunzi haimhusu.

Ndipo usajili wa chuo, akaunti ya benki, na mwisho kibali cha ukaazi, kinachoombwa ofisi ya uhamiaji kabla viza haijaisha. Barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, itakufuata pia hata kama huna televisheni. Hulipwa mara moja kwa kila nyumba, si kila mtu, kwa hiyo waulize wenzako wa WG kabla ya kulipa.

Masomo na kazi

Muhula ni krediti 30, na krediti moja ni saa 30 za kazi, nyingi zikiwa za kusoma peke yako. Hakuna anayeita majina darasani. Uhuru huo unawaponza wengi: kozi huchaguliwa kwenye mfumo wa AlmaWeb katika siku chache zilizopangwa, na aliyekosa dirisha hilo hukosa somo. Aliyejiandikisha na hakufika mtihani bila cheti cha daktari hupewa 5.0. Ukishindwa kuna kurudia mara moja, na mara ya pili kwa ombi. Ukishindwa hata nafasi ya mwisho katika somo la lazima, kwa kawaida unafungiwa fani hiyo Ujerumani nzima.

Kazi inaruhusiwa siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka. Kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi katika siku hizo, ndiyo maana zinagombewa. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, kikapanda hadi 13.90 Januari 2026. Bila Kijerumani, kazi zilizobaki ni za ghala na jikoni, na miezi ya kwanza zinaweza zisipatikane kabisa. Usipange kodi ya Novemba kwa mshahara usiokuwepo.

Kibali cha ukaazi kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili. Kukiongeza, ofisi itataka kuona matokeo yako na fedha za mwaka unaofuata, Sperrkonto tena au mshahara. Peleka ombi wiki nane kabla ya kuisha, na uwaombe hati ya muda, Fiktionsbescheinigung, hasa kama unataka kwenda nyumbani likizo wakati ombi liko mezani kwao.